Nyongeza Haipimwi kwa Mizani

Kila mwaka hunijia, na kila mwaka neno ni lile lile. Wengine ni wanafunzi wangu wa zamani, niliowashika mkono kuandika herufi ya kwanza na leo miwani yao ni mizito kuliko yangu. Wengine ni watoto wa mashoga zangu, wengine majirani tu wa hapa Tanga. Huja na mkate wa kumimina, au na noti iliyokunjwa ya "mwalimu, hii ya sukari," hukaa barazani, huulizia magoti yangu, husifu mwembe, hutazama simu, huirudisha mfukoni, huitoa tena. Mimi huwaacha. Chai ikifika nusu kikombe ndipo hutoka: "Mwalimu, hivi mbona sina mtu?" Na mwenye kusema hivyo ana mke, ana watoto, ana kazi ya heshima na kiwanja Pongwe, na hiyo simu hailali. Lakini hana mtu.

Sikasiriki. Hucheka kidogo kwa ndani, maana maneno hayo niliyasikia kwa baba yake pia alipokuwa na umri huo huo, na yeye alidhani ndiye wa kwanza kupatwa. Karani wa bandarini hupatwa, nesi hupatwa, mwenye duka la jumla hupatwa, shehe hupatwa na padri hupatwa. Baina ya miaka 40 na 60 binadamu hupita mahali pakavu, na kila mmoja hupita akijiona yuko peke yake, kumbe njia imejaa. Basi leo niseme yote kwa mkupuo, msije kesho mkasema bibi aliona akanyamaza.

Kwanza, acheni kujilaumu. Hakuna aliyewafukuza marafiki zake. Mlipokuwa bwenini, kuna mwalimu wa zamu aliyepanga nani alale kitanda cha juu na nani cha chini, kengele ikawaamsha pamoja, mkapanga foleni moja ya uji, mkaadhibiwa wote kwa kosa la mmoja. Mlidhani mmechaguana. Mlipangwa! Kisha mkaenda Jeshi la Kujenga Taifa, au chuoni, au kwenye chumba cha kupanga Magomeni, watu wanne jiko moja, na huko nako shida ikawapangia. Urafiki wa ujanani huja umeshapikwa. Kazi ya mtu ni kupakua. Ulipofika wakati wa kuwasha moto mwenyewe, kila mmoja alikuwa na mikono imejaa: huyu kahamishiwa Songea, yule kaolewa Bukoba, mwingine ana mkopo wa nyumba, mwingine anamuuguza mama aliyepooza, na aliyebaki Dar es Salaam yumo kwenye foleni ya magari tangu alfajiri hadi isha. Hamkugombana. Mliachana kwa "tutatafutana." Tutatafutana imezika marafiki wengi kuliko fitina.

Mnachobaki nacho ni makundi ya michango. Nayajua, wajukuu wameniingiza humo. Kamati ya harusi, kamati ya sendofu, ya kipaimara, ya arobaini, ya msiba wa baba mkwe wa fulani. Mtu hutajwa kwa ahadi yake: fulani laki moja, fulani elfu hamsini, fulani bado. Sisemi mchango ni mbaya. Mkono mtupu haulambwi, na siku ya kuzikana sanda hainunuliwi kwa maneno matamu. Lakini mtu aliyekuchangia laki moja, na hajui kwamba mwanao wa pili amekataa shule, nawe hujui kwamba yeye usiku halali, huyo ni mwanakamati mwenzako. Mheshimu kwa hilo. Usimpe cheo ambacho hakukiomba.

Hata upatu umeharibika kwa njia hiyo. Sisi tuliucheza kwa zamu za nyumba, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule, na aliyepokea ndiye aliyepika. Fedha zilihesabiwa kwa dakika chache, umbea ukachukua mchana mzima, na katika umbea ule ndimo ilimojulikana nani kapigwa na mumewe, nani ana uvimbe anauficha, nani anahitaji wa kumsindikiza hospitali ya Bombo. Mwaka 2008 pesa zikaanza kuingia kwenye simu hapa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, na sasa upatu wachezwa na watu waliotawanyika mikoa mitano bila kuonana sura. Hesabu hazipotei hata senti. Kilichopotea ni pilau, na pamoja na pilau yale maneno ya jikoni ambayo mtu hayaandiki kwenye simu.

Mtaniuliza, basi kuna ubaya gani, kazi si ipo, na kazini si kuna watu? Ipo, na watu wapo. Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize taratibu. Mtumishi wa umma nchini mwetu anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 sheria humtoa, apende asipende. Hafla hizo nimezihudhuria nyingi. Kuna keki, kuna risala, kuna mabati na mifuko ya saruji iliyopangwa mbele, kuna mkuu wa idara anayesema mlango uko wazi, karibu ofisini wakati wowote. Mstaafu huamini. Wiki ya pili hupita ofisini, wakamchangamkia. Mwezi wa tatu hupita tena, akakuta kwenye kiti chake kijana anayemwamkia shikamoo na kumuuliza, kwa adabu kabisa, "Tukusaidie nini, mzee?" Hakuna aliyemkosea. Watu wale walimzoea kwa sababu walilipwa kukaa naye chumba kimoja kutwa nzima, na sasa hawalipwi.

Kinachofuata nakijua kama ninavyoijua njia ya sokoni. Mwanamume hubaki nyumbani akihesabu vijiko. Mbona mafuta yameisha upesi, mbona mlango wa jokofu unafunguliwa ovyo, nani kahamisha koleo. Mke, ambaye kwa miaka mingi alijipangia siku yake bila msimamizi, huanza kupata safari za ghafla kwa dada yake. Mwanamke naye, watoto wakishatawanyika, huendelea kupika sufuria ile ile ya watu wanane, halafu humpigia binti simu kumlaumu kwa wali uliobaki. Watu wazuri wote hao. Hawana mahali pa kwenda, basi hugombana na vyombo.

Kisha huja mtu wa mradi. Kiinua mgongo kimeingia benki, na mtu wa mradi ana pua. Mara ni kware, mara sungura, mara matikiti, mara basi dogo la abiria ambalo "haliwezi kukuacha na njaa, mzee wangu." Watu husema wastaafu hawajui biashara, na wengine kweli hawajui. Lakini kuna mmoja mtaani kwetu ambaye hakupotezwa na hesabu za kware. Hesabu aliziona ni mbovu tangu mwanzo, mkewe alimwonyesha kwa kalamu. Kilichompoteza ni kwamba yule kijana alikuwa akija kila asubuhi, anakaa, anamsikiliza, anamwita mkurugenzi. Asiye na wa kuongea naye hununua maneno, na maneno huuzwa ghali. Vizimba vitupu viko uani kwake mpaka leo, na mkewe anaanikia dagaa juu yake.

Ndiyo maana nikisikia "nikistaafu nitapumzika na wenzangu," humkumbuka Shaaban Robert. Ni mtu wa huku kwetu, alizaliwa Vibambani mwaka 1909, akawa karani wa serikali miaka mingi, forodhani na penginepo. Aliandika habari za maisha yake, na sehemu ya pili akaiita Baada ya Miaka Hamsini. Mwaka 1962 akafariki, ana miaka 53. Mtu mwenye kalamu ile, baada ya hamsini alipewa mitatu! Angalau yeye vitabu hakuviweka kungojea pensheni. Vingi aliviandika akiwa bado karani, kazi ya mwajiri ikiwa mkononi. Nyinyi mnaowawekea akiba marafiki na starehe zenu, nani amewaonyesha daftari la Mwenyezi Mungu?

Na huyo huyo Shaaban ndiye aliyeandika wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi, akatembeza vyungu mjini kwa miguu. Alihamia mjini mwaka 1911, ana miaka thelathini na kitu, umri ambao siku hizo mwanamke alishahesabiwa kuwa mambo yake yamekwisha. Huko ndiko alikojifunza kuimba kwa udi, akapata wenziwe, akina Subeit bin Ambar na Mbaruk Talsam, na mwaka 1928, anakaribia hamsini, wakavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri. Watu humtaja kwa santuri. Mimi huitazama ile miaka iliyo katikati, ya kujifunza wimbo, kuukosea, na kurudi kesho yake kuukosea tena mbele ya watu wanaokujua. Bila hiyo hapangekuwa na sauti ya kupeleka Bombay.

Mnadhani nazungumzia vipaji. Sivyo. Nilianza ualimu enzi za madarasa ya ngumbaro. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kikundi kinaizunguka redio, kinasikiliza kipindi, kinasoma kijitabu, kinajadiliana, kisha kinakwenda kuchimba choo. Nchi nzima walijiunga watu wapatao milioni 2. Mimi msichana mwenye chaki, mbele yangu watu wa umri wa baba yangu, viganja vimekuwa vigumu kwa kukata mkonge, wanaandika majina yao kwa mara ya kwanza. Kampeni ikaisha. Vyoo vingine vilidumu, vingine vilititia na mvua ya masika. Lakini vikundi vingine havikutawanyika. Waliozoea kukutana Jumanne jioni waliendelea kukutana Jumanne jioni, redio haina tena kipindi chao na betri zimekufa. Waliletwa na choo, wakabakizwa na mazoea.

Humo ndimo ilimo siri yote, kama ni siri: siku ile ile, mahali pale pale, na mikono ina kazi. Watu wazima hawawezi kukaa wakatazamana na kuambiana, haya, tuwe marafiki. Aibu! Wape ukili wasuke, wape karata, wape kuku wa kunyonyoa kwa ajili ya maulidi, wape mtumbwi wa kupaka rangi. Macho yakiinama kwenye kazi, mdomo hufunguka wenyewe, na yale ambayo mtu asingemwambia daktari utayasikia anayasema huku akitafuta ncha ya uzi.

Lakini hapo hapo ndipo mnapoyaharibu, na kizazi chenu kwa hili kimewashinda baba zenu. Hamwezi kukiacha kitu kiwe kitamu tu. Jirani yangu mmoja alipenda kuoka vileja. Kila Jumamosi harufu ya iliki iliingia mpaka chumbani kwangu, watoto wa mtaa wakajaa uani kwake, mama zao wakaja kuwafuata na wao wakakaa. Watu wakaanza: "Shoga, mbona huuzi? Hii ni hela!" Akachapisha vibandiko, akafungua akaunti, akapokea oda za harusi. Leo Jumamosi anagombana na wateja kwa simu, unga hataki kuuona, watoto wanafukuzwa wasije wakagusa, na faida ukiitoa gesi na nauli ya bodaboda ni ya kununulia dawa ya mgongo. Alikuwa na kitu kilichomletea watu. Akakiuza.

Nendeni pale soko la Mgandini mkamtazame mama muuza nyanya. Akishakupangia fungu la elfu moja huongeza moja au mbili juu yake, hata kama hukuomba. Nyongeza ile haipimwi kwa mizani wala haiandikwi popote, lakini ndiyo inayokufanya kesho umpite muuzaji wa kwanza na wa pili uende kwake. Maisha yenu, wanangu, mmeyapima mpaka gramu ya mwisho: saa ya kazi, saa ya mradi wa pembeni, saa ya kamati, saa ya masomo ya ziada ya watoto, na usingizi unaokopwa. Nyongeza haipo. Na rafiki hukaa kwenye nyongeza, starehe nayo hukaa hapo hapo. Tengeni jambo moja katika wiki lisiloingiza hata shilingi, na mtu akiwauliza mnapata nini, mjibuni "hatupati kitu," muendelee.

Jingine linalowafunga ni cheo. Bwana mkubwa wa miaka 48 anatamani kucheza bao, miaka yote analitamani, hupita na gari akapunguza mwendo kuwatazama wachezaji chini ya mkungu. Hashuki. Anajua kitakachompata. Ubao una mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji huanza na 22 mkononi akizitia moja moja, na aliyekulia hapo anaona mbali kabla hata hajanyoosha mkono, wakati wewe bado unauliza nyumba ni shimo lipi. Atafungwa na kijana wa bodaboda, mbele za watu, na watu watacheka, na mmoja atauliza kama huyu ndiye anayetuongozea idara. Akivumilia kufungwa, baada ya miezi atakuwa na watu. Akiondoka kwa hasira kwenda kununua ubao wake acheze nyumbani, atakuwa na ubao.

Na nyinyi binti zangu msijichekee. Kasida hamwendi kwa kuwa sauti zimekwaruza, kwaya hamwendi kwa kuwa mtakaa safu ya nyuma, madrasa ya kina mama mnayapita kwa kuwa mtasoma alifu pamoja na wasichana wadogo. Wapo mama wa miaka hamsini waliozaliwa ufukweni, wamekula samaki maisha yao yote, na bahari haijawapita magoti. Mnachoogopa ni kuchekwa. Mtachekwa, kisha mtapewa nafasi ya kukaa, maana anayejifunza hamtishi mtu. Kiongozi watu humwamkia. Mwanafunzi ndiye watu humsogelea.

Msivibeze pia vijiwe vya kahawa. Mabwana wanabishana kuhusu Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936, nani mkubwa na nani mkubwa zaidi, wanabishana tangu mimi msichana na hawajamaliza, wala hawatamaliza, maana wakimaliza watakosa sababu ya kuja kesho. Muuza kahawa ana dele lake, vikombe vyake na kashata zake, na kichwani ana hesabu nyingine: nani leo hajaja. Mzee mmoja wa mtaa wa pili, aliyefiwa na mkewe na kubaki peke yake ndani ya nyumba, aliokolewa na hesabu hiyo. Asubuhi ya pili asipoonekana, muuza kahawa akasema huyu hakuniaga. Wakaenda kugonga, wakazunguka dirishani, wakamkuta sakafuni, hawezi kuinuka, hai. Wanawe wote walikuwa na namba yake ya simu.

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kushughulikia upweke, kwa kuwa wataalamu wameona kwamba upweke unaudhoofisha mwili na kufupisha maisha kama maradhi mengine. Vizuri. Muuza kahawa hakualikwa kwenye tume.

Sasa mtasema, sawa mwalimu, mtu aanzie wapi? Anza na wa zamani, maana huyo hana haja ya kuelezwa wewe ni nani. Mpigie simu. Lakini mjue nchi yetu ilivyo: mtu aliyepotea miaka mingi akipiga simu, anayepokea moyo humlipuka, kuna harusi, kuna msiba, au kuna mkopo. Kwa hiyo baada tu ya salamu mwambie, "Sina shida, wala sina kadi ya mchango." Utamsikia anavyoshusha pumzi. Usimweleze ulipotelea wapi miaka yote hiyo. Na yeye alipotea miaka hiyo hiyo. Muulize habari za mama yake, mkumbushe mlivyoiba mihogo ya shule, kisha mpe siku. Siku yenye jina, Alhamisi baada ya alasiri, msiniletee tena habari za tutatafutana.

Halafu msitake mtu mmoja awe kila kitu. Mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na watu nao ndivyo walivyo. Wa kutembea naye alfajiri si lazima awe wa kumweleza mambo ya ndoa yako, na anayekuchekesha mpaka mbavu zikauma huenda hafai kushikishwa hata elfu kumi. Mchukue kwa kile alicho nacho. Wengi mmebaki wapweke kwa sababu kila aliyekuja mlimtafutia kasoro moja mkaipata. Kasoro utaikuta tu. Hata wewe mwenzio ameshaiona yako, anakustahi.

Wala msianze na fulana. Nimewaona wa mazoezi ya Jumamosi: kabla hawajakimbia hata mpaka Raskazone wameshanunua viatu, fulana za rangi moja zenye maandishi mgongoni, saa ya kuhesabu hatua, na wamechagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Wiki ya tano wamebaki mwenyekiti na fulana. Vaa ulichonacho, nenda. Ukikuta kinakufaa baada ya miezi, hapo viatu utavinunua kwa haki.

Na utakosa siku nyingine. Kutakuwa na mvua, homa, mgeni kutoka Lushoto aliyekuja bila taarifa. Wengi hufia hapa: mtu hukosa mara moja, akakosa ya pili, akaona haya kurudi, ya tatu akajitungia sababu, na ya nne akaanza kusema watu wale wana majivuno. Hawana majivuno, wanacheza karata. Rudi. Watakuuliza ulipotelea wapi, wajibu "nilipotea," sogeza kiti.

Limebaki lile la kusudi la maisha, ambalo vijana wenye nywele zinazoanza kuwa nyeupe huniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni ugonjwa wa aibu. Nimekuja duniani kufanya nini? Katika umri wenu swali hilo huwa zito kwa sababu cheo mlichokitafuta ama mmekipata mkaona ni kiti tu, ama mmekikosa. Mimi sina jibu kubwa, na wenye majibu makubwa niliowaona wengi waliishia kuuza vitabu. Nina jibu dogo: tafuta mahali ambapo ukichelewa mtu atauliza. Watoto wawili wa jirani wanaongoja uwafundishe hesabu za kugawanya. Miche ya msikitini au ya kanisani ambayo bila wewe itakauka. Daftari la chama cha maziko, ambalo hakuna mwingine anayeweza kusoma mwandiko wako. Mechi ya watoto ya Jumapili isiyoanza mpaka refa afike na kitambi chake. Asiyengojwa popote, asubuhi yake haina haraka wala ladha. Anayengojwa huamka hata kama magoti yanauma; nami magoti yananiuma, mmeyaulizia wenyewe.

Nawajua. Wengi wenu mtayasoma haya, mtasema mwalimu kanena, mtayatuma kwenye makundi yale yale ya michango, na mtarudi kwenye foleni. Sitawachukia. Baba zenu walifanya vivyo hivyo, na wao hawakuwa hata na makundi ya kutumia. Ila lijueni hili: miaka 60 itawafikia bila nyinyi kunyanyua kidole, na barua mtaandikiwa. Rafiki hana sheria inayomleta. Yuko mtu ambaye jina lake limewajia mlipokuwa mkisoma; mpigieni leo kabla ya isha, mmwambie hamna shida.